Kicheko Ndani ya Mabano

Kazi ya Masikio ilikuwa kuwasikiliza wakubwa wakisema, na kama kuna kazi inayomzeesha mtu kabla ya siku zake, ndiyo hiyo. Miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa amekaa chumba namba kumi, ghorofa ya chini ya Bunge, hedifoni kichwani, mguu kwenye pedali ya kusimamishia kanda, akiandika neno kwa neno yale waliyoyasema waheshimiwa huko juu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Jengo zima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka Spika, lilimwita Masikio, naye alishaacha kununa.

Kazi hiyo ina desturi zake. Wabunge wakipiga makofi, unaandika (Makofi). Wakicheka, unaandika (Kicheko). Na kila asubuhi, mheshimiwa aliyeteleza ulimi jana yake anaruhusiwa kushuka chumba namba kumi kujaza Fomu ya Masahihisho: mstari wa kosa, mstari wa sababu, na mahali pa sahihi. Fomu ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyetaja mwaka usio wenyewe. Lakini nani asiyewajua waheshimiwa? Mtu kamwita mwenzake mwizi mbele ya umati, kesho yake anakuja na fomu, anataka isomeke "ndugu yangu mpendwa".

Wala Masikio mwenyewe hakuwa malaika, tusidanganyane. Alikuwepo mheshimiwa mmoja ambaye hata fomu hakuihitaji, naye ni mjomba wake, kaka wa mama yake, tumbo moja. Baba yake Masikio alipofariki, mjomba ndiye aliyemlipia shule ya bweni, na mjomba ndiye aliyemtafutia kazi hii. Basi mjomba akihutubia, Masikio alimtilia (Makofi) hata siku ambayo kofi lililosikika lilikuwa moja, tena la mtu anayeua mbu. Leo hapa, kesho pale, kwa mapenzi tu. Mjomba akazoea. Akafika mahali pa kuamini kwamba jambo halijasemwa mpaka mpwa wake aliandike, na likiandikwa vizuri basi lilisemwa vizuri. Kosa hilo walilifuga wawili.

Sasa sikia balaa. Waandishi wawili wa gazeti walijifanya wafanyabiashara wa mitungi ya kuzimia moto. Kulikuwa na muswada bungeni, na kifungu cha kumi na nne kilitaka kila mtungi unaouzwa kwa shule za bweni upimwe kwanza kama unafanya kazi. Waandishi wakamwendea mjomba, ambaye muswada ulikuwa mikononi mwake, wakamlalamikia kwamba kifungu hicho kitawatia hasara. Mjomba hakukasirika, hakuwafukuza, hakuita polisi. Mkono mtupu haulambwi, na wao walikuja na begi. Aliwapokea kwenye chumba cha hoteli, akalipokea begi, akaahidi kukinyofoa kifungu. Kumbe kalamu iliyochomekwa mfukoni mwa mmoja wao ilikuwa kamera! Gazeti likatoa picha ya begi, kanda nzima ikapelekwa Kamati ya Maadili, na Kamati ikaishusha chumba namba kumi iandikwe.

Masikio alifanya linalompasa. Alimwandikia mkuu wake wa kitengo barua: mtuhumiwa ni mjomba wangu, naomba apewe mwingine. Barua ikarudi na mhuri wa "Imeonekana". Imeonekana! Alipopanda kuuliza, mkuu wa kitengo aliendelea kuchovya mkate kwenye chai.

"Wewe unaona nani hapa si ndugu wa mtu?" akamjibu. "Tukianza mambo hayo tutafunga ofisi. Andika, weka sahihi, ifike Alhamisi."

Ukidhani hayo ndiyo ya kuchosha, ngoja uisikie Kamati. Wajumbe saba wa Maadili walikutana siku nzima, na siku nzima walijadili kalamu. Si begi, kalamu. Mmoja alisema kumpiga mheshimiwa picha bila idhini ni uhuni. Mwingine akasema yeye mwenyewe ameshapewa kalamu tatu mwaka huu na sasa hana amani. Mwishowe wakaamua kwamba kanda isionyeshwe kikaoni, kwa kuwa imepatikana kwa hila, ila maandishi yake yasomwe, kwa kuwa maandishi hayana hila. Masikio aliyaandika maamuzi hayo akiuma meno. Maana yake ni kwamba kitakachomhukumu mjomba ni kurasa zake yeye, na sahihi yake chini.

Jumatano mjomba akashuka. Alifunga mlango, akakaa kwenye kona ya meza kama alivyozoea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo? Mbona umekonda?"

"Ni wewe unanikondesha."

Mjomba akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo ndilo lililomfanya apendwe. "Nina jambo dogo. Dogo sana, hata neno si neno, ni mabano tu. Ukurasa wa sita. Yule kijana mwongo ananiuliza, 'Je, mitungi ikigoma siku ya moto?' Nami nikamjibu—"

"'Watoto wana miguu, watakimbia.'"

"Enhe. Basi hapo mwishoni weka (Kicheko). Ionekane ni utani. Mtu akiona kicheko ataelewa nilikuwa nawachezea wale wahuni, nawachunguza."

"Nani alicheka, mjomba?"

"Sasa hayo ni maswali gani?"

"Nauliza. Nimeisikiliza kanda hiyo mara arobaini. Baada ya maneno hayo kinachosikika ni zipu ya begi."

"Basi nilicheka kimoyomoyo."

Jamani! Masikio aliivua hedifoni shingoni akaiweka mezani polepole, maana angeiweka kwa nguvu ingevunjika na angekatwa mshahara. "Cha moyoni siandiki. Naandika kinachosikika."

"Tangu lini?" Mjomba hakuinua sauti. "Makofi yangu uliyasikia yote? Ile hotuba ya barabara, makofi mara kumi na mbili, ukumbi ulikuwa na watu wanane na wawili wamelala. Nilikuomba? Hukuniuliza. Uliweka mwenyewe. Leo nina shida ya kweli ndiyo unakumbuka kusikia?"

Hapo alimshika pabaya. Ilikuwa kweli.

"Mimi nilikupeleka shule," mjomba akaongeza, sasa kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Ulinipeleka bweni, mjomba, na nakushukuru. Lakini mlango wa bweni letu ulifungwa kwa kufuli, kwa nje, kila siku taa zikizimwa. Wasichana sitini ndani. Nilikuandikia barua nikakwambia naogopa. Ukanijibu kufuli ni kwa usalama wetu."

"Sasa hayo yanahusiana vipi na haya?"

"Miguu tulikuwa nayo. Tungekimbilia wapi?"

Mjomba aliangalia saa yake. Akasema ana kikao, akasimama, akampigapiga begani, akatoka. Robo saa haikupita simu ikalia, na Masikio alijua ni nani kabla hajaiangalia.

"Mwanangu," alisema mama yake, "kaka yako—eh, kaka yangu amenipigia analia."

"Halii, mama. Ametoka hapa anatabasamu."

"Anasema umemkatalia mabano. Mabano ni nini? Si vijiti viwili tu vilivyopinda? Mtu anaua ndugu kwa vijiti viwili?"

"Mama, katikati ya vijiti kuna neno."

"Neno gani? Kicheko. Kucheka nako ni dhambi siku hizi? Mimi nimebaki na ndugu mmoja. Akifungwa huyo, nani atakuja kunizika? Wewe na hedifoni zako?" Simu ikakatwa.

Masikio alikaa akiutazama ukurasa wa sita. Akaliandika neno. (Kicheko). Lilikaa vizuri ajabu, kama lilizaliwa hapo. Ukilisoma lilivyo, mjomba hakuwa mla rushwa tena, alikuwa mzee mcheshi. Akalifuta. Akaliandika tena. Kila alipoirudisha kanda nyuma, masikio yake yaliyomletea jina yalimwambia lile lile: swali, jibu, zipu. Saa kumi kasoro dakika tano alilifuta mara ya mwisho, akaweka sahihi, akapeleka kurasa juu kabla hajabadili mawazo.

Alhamisi Kamati ikakaa. Masikio alikuwa kwenye meza yake ndogo ya pembeni, akinukuu, hedifoni sikioni. Mjomba alikaa katikati, suti mpya. Mwenyekiti wa Kamati, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza anayeipenda kuliko wengine wanavyoipenda, aliamua kusoma maandishi mwenyewe, tena kwa kuigiza. Sauti nyembamba kwa waandishi, sauti nzito kwa mjomba. Alipofika ukurasa wa sita alijiegemeza nyuma, akatoa tumbo mbele kama mjomba anavyokaa, akasema, "Watoto wana miguu, watakimbia!"

Wakacheka.

Wallahi, wakacheka! Mwenyekiti mwenyewe aliangua, aliyekaa kulia kwake akapiga meza, mwingine akatoa leso kufuta machozi. Wajumbe sita kati ya saba. Wa saba, mwalimu mstaafu ambaye wenzake walimwita Bibi Kengele, alibaki akiwatazama mmoja mmoja kama anayehesabu watoro.

"Mheshimiwa Mwenyekiti!" mjomba akaruka na nafasi hiyo. "Mnaona wenyewe! Si utani huo? Kama si utani, mbona mmecheka?"

"Kwa kweli," alisema Mwenyekiti akijikausha macho, "ladha ya utani ipo."

Bibi Kengele akauliza ni nani anayeona utani, wakamwambia asiwe mkali, hapa si darasani. Kwa kura sita dhidi ya moja wakaamua: maneno yalikuwa mzaha, begi lilipokewa kwa nia ya uchunguzi binafsi, mheshimiwa apewe onyo la mdomo, na kuanzia sasa wageni wote waache kalamu getini. Uamuzi utapata nguvu kesho saa sita mchana, kumbukumbu za kikao zikishathibitishwa, kisha zitachapwa zisomwe na kila mwananchi kama kawaida.

Masikio hajafika hata chumbani kwake, ujumbe ukaingia simuni. Mjomba. "Umeona mama, Mungu si Athumani. Kicheko kimekuja chenyewe, tena halali. Usisahau kukiandika."

Alisoma ujumbe huo akiwa amesimama kwenye korido, na hasira ilimpanda kuanzia miguuni. Alikuwa amekosana na mama yake, amekataa neno moja la uongo, kumbe wakubwa wamelitengeneza likawa la kweli ndani ya nusu dakika! Na la kweli hana budi kuliandika. Ndiyo kazi. Aliingia chumba namba kumi akaufunga mlango kwa kishindo, kisha akarusha kalamu ukutani.

"Haya," akasema peke yake. "Mmetaka kicheko. Kicheko mtakipata."

Akachomoa kitabu cha kanuni za uandishi, kile ambacho hakuna aliyekifungua tangu kiletwe, akapuliza vumbi. Kanuni ya ishirini na mbili: mwandishi atataja, pale anapoweza kutambua, ni mjumbe gani aliyetoa sauti, na kwa muda gani. Miaka yote walikuwa wakiandika (Kicheko) tu kwa uvivu. Lakini Masikio alikuwa na masikio. Baada ya miaka kumi na tisa alimjua kila mmoja kwa kicheko chake kama mama anavyowajua wanawe kwa kikohozi. Akaweka mguu kwenye pedali, akarudisha kanda nyuma, akaandika chini ya maneno ya ukurasa wa sita:

(Kicheko, sekunde kumi na moja. Walicheka: Mwenyekiti. Makamu Mwenyekiti, akipiga meza. Mbunge wa Mashariki…) na kuendelea, wote sita, majimbo yao na vyeo vyao. Mwisho akaongeza: (Mjumbe mmoja hakucheka. Katika kanda ya hotelini hakuna aliyecheka.) Akakagua, akachapa nakala saba, na saa mbili asubuhi ya Ijumaa kila mjumbe alikuwa na yake mezani, kama kanuni isemavyo.

Saa mbili na robo foleni ilikuwa mlangoni pake.

Foleni ya waheshimiwa, hebu fikiria! Watu ambao hata benki hawapangi mstari. Makamu Mwenyekiti ndiye aliyetangulia, nakala mkononi imekunjwakunjwa.

"Dada yangu, hapa pamekosewa. Mimi sikucheka, nilikohoa."

"Nikuwekee kanda, Mheshimiwa?"

Akaikunjua nakala yake. "Sasa hii itachapwa? Na jina langu? Wapigakura wangu wasome kwamba nimecheka… hilo?"

"Ndiyo kumbukumbu, Mheshimiwa. Kicheko siwezi kukifuta, kimo. Lakini fomu ipo. Ukijaza, itachapwa hapo hapo chini yake."

"Nijaze nini?"

"Kosa, halafu sababu."

Akachukua kalamu, akaandika kosa: "Kucheka." Kwenye sababu akakwama. Alikuna kichwa, akatazama dari, akatazama wenzake waliokuwa wakichungulia mlangoni. Mwishowe akaandika: "Halikuwa jambo la kuchekesha." Akatia sahihi na kutoka haraka. Aliyemfuata akaomba aone ameandika nini, akanakili vile vile, maana hawa hata kujuta wanaigiliziana.

Wa nne alikuwa Mbunge wa Mashariki, kijana kuliko wote, yule aliyetoa leso. Huyu hakubisha chochote. Alikaa akaiandika fomu mara moja, kisha akabaki ameishika.

"Jimboni kwangu bweni liliungua miaka mitatu iliyopita," akasema. "Nilikwenda mazishini. Nilibeba jeneza, lilikuwa jepesi."

"Na jana ulicheka," alisema Masikio. Hakukusudia kuwa katili, lakini alikuwa amechoka.

"Nilicheka. Wenzangu walikuwa wanacheka." Akaweka fomu juu ya zile nyingine, akatoka ameinamisha kichwa.

Wa mwisho alikuwa Mwenyekiti, na sauti yake ya kupendeza ilikuwa imekauka. Alikuwa bado anaandika mjomba alipotokea mbio koridoni, amesikia habari.

"Jamani, mnafanya nini? Mkisema haukuwa utani, mimi nitakuwa nini?"

"Wewe ulisema," akajibu Mwenyekiti bila kuinua macho. "Sisi tulicheka tu."

"Lakini uamuzi wenu umesimama juu ya kicheko hicho!"

"Ndugu yangu, kila mwamba ngoma huvutia kwake." Akatia sahihi, akafunga kalamu yake, akaikagua kidogo kwa wasiwasi, akaondoka.

Saa sita mchana Bibi Kengele aliomba fomu sita zisomwe kwa sauti. Zikasomwa. Sita zote zilisema neno moja, na sita zote zilikuwa na sahihi za watu waliopiga kura jana kwamba ni mzaha. Hapakuwa na pa kutokea. Uamuzi ukafutwa, kanda ikaamriwa ionyeshwe mbele ya Bunge zima, na faili likapelekwa kwa waendesha mashtaka. Ile amri ya kalamu getini ilibaki. Hiyo hakuna aliyeigusa.

Alasiri mjomba alishuka tena. Safari hii hakukaa kwenye kona ya meza, alisimama mlangoni kama mgeni. Suti ilikuwa ile ile, ila yeye alionekana mdogo ndani yake.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. "Mama yako anasema usikanyage kwake."

"Ameshanipigia."

"Umeridhika?"

"Hapana," alisema Masikio, na machozi yalikuwa karibu, akayameza. "Sijaridhika hata kidogo. Kama ungesema tu kwamba ulikosea, ningekusindikiza mpaka mahakamani nimekushika mkono. Ulichotaka ni mabano."

"Wewe ndiye uliyenizoesha mabano." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeelekeza njia. Kisha akageuka, na viatu vyake vikasikika vikipanda ngazi mpaka juu kabisa, kwa sababu Masikio alikuwa mtu wa kusikia mpaka mwisho.

Alikaa. Mezani zilibaki fomu chache tupu. Akavuta moja, akaiweka sawa mbele yake. Alijua mkuu wa kitengo atafanyaje akiiona, na alijua mhuri wa "Imeonekana" hautatosha safari hii. Kwenye mstari wa kosa akaandika: "Makofi, miaka kumi na tisa." Kwenye mstari wa sababu akaandika: "Alikuwa mjomba wangu." Akatia sahihi kwa jina lake la kuzaliwa, akapanda nayo ghorofani.